Siku Niliyomshikia Keza Nafasi

Hapa Kicukiro, Kigali, mpaka leo kuna watu wakikutana nami njiani wanaweka kiganja juu ya utosi wao, wanafumba macho kama wanaobarikiwa, halafu wanacheka, na mimi nacheka nao kwa sababu ukinuna ndiyo umewapa kazi ya mwaka mzima. Aibu siyo ngeni kwangu (niliwahi kuanguka na sinia la vikombe kwenye harusi ya wifi yangu, chai ikamwagikia wakwe), lakini ile ilikuwa aibu ya uani, mnaifuta na dekio yameisha. Hii ilikuwa mbele ya madhabahu, na kipaza sauti kimewashwa.

Ngoja nianzie mwanzo, maana mkiisikia katikati mtanihukumu vibaya.

Mimi ndiye mwalimu wa darasa la kipaimara kwenye usharika wetu wa Kilutheri. Watoto wananiita Mwarimu, hivyo hivyo kwa Kinyarwanda chao, wakubwa wananiita Mama Ganza kwa jina la kifungua mimba wangu, na wote wanajua kwamba nina ukali. Asiyehudhuria vipindi na asiyehojiwa mbele ya usharika hapati kipaimara, sijali mama yake ni nani wala anatoa ng'ombe wangapi, na mama mmoja, Mama Keza wa Niboye, tulishawahi kukwaruzana kabisa kwa ajili hiyo, maana binti yake alikuwa anakosa kosa na mimi nikamwambia hadharani kuwa jina la mtoto litatoka. Halikutoka. Keza alirudi akasoma, na kusema kweli akawa bora kuliko wote, ila mama yake alikuwa bado ananisalimia kwa ncha za vidole.

Katekisimu ninayo kichwani tangu utotoni, na maelezo yake yote, unaweza kuniamsha usingizini ukaniuliza amri ya saba nikakujibu kabla sijafungua macho. Baba alikuwa anatuuliza wakati wa kukamua. Anakamua, anauliza, ukikosea anaacha kukamua anakutazama tu, na ng'ombe naye anageuka anakutazama, basi unajifunza.

Hiyo ilikuwa Karagwe, Tanzania. Wazazi wangu walifika huko wakiwa wakimbizi, sisi watoto tukazaliwa huko, na pale Nyaishozi nilikaa darasa la kipaimara mpaka mwisho, nikahojiwa, nikajibu, mama akanishonea gauni jeupe lenye mikono ya kuvimba, na zilikuwa zimebaki Jumapili chache tu baba akaingia ndani akasema tunarudi nyumbani. Wao walilia kwa furaha. Mimi nililia pia, wakadhani ni furaha ile ile. Nyumbani kwao mimi sikuwa nimewahi kupaona, na nyumbani kwangu ni pale tulipokuwa tunapaacha.

Gauni nilivuka nalo mpaka. Miaka ile ya kwanza hapakuwa na kanisa letu karibu na tulipokaa, tukawa tunasali popote palipofunguliwa mlango, nami nikarefuka (kidogo, siyo sana, mnaniona), gauni likawa la mdogo wangu, na mdogo wangu alipolichoka likakatwa likawa pazia la dirisha la jikoni. Nilikuwa naosha vyombo nalitazama. Mama alikuwa akiniona hivyo ananiambia, tutashona lingine, na hatukushona.

Nilipokuja kuupata usharika huu nilikuwa mtu mzima na watoto watatu, na walipogundua ninavyoijua Katekisimu wakanipa darasa siku ile ile. Mchungaji wetu nilimwambia kweli, yeye peke yake. Nikasema mchungaji, mimi mwenyewe sijapata kipaimara. Akasema hakuna shida Mama Ganza, utapiga magoti na watoto siku yao, kwisha. Mimi, na mvi zangu hizi, katikati ya watoto wanaofuta kamasi kwa mkono wa shati, huku mawifi wamekaa benchi la tatu? Nikamjibu, mwakani. Mwakani ilipofika nikasema mwakani. Ikawa sasa ndiyo utani wake, tukikutana mlangoni ananiuliza, "Mwakani, siyo?" nami najibu, "Mwakani, mchungaji," tunaachana.

Lakini kiburi kina bei yake, kwa sababu kwetu asiyepata kipaimara haendi kwenye Meza ya Bwana. Kila watu waliposimama kwenda mbele mimi nilikuwa nachukua watoto wadogo natoka nao nje, na kina mama walikuwa wanasema jamani Mama Ganza anapenda watoto. Nawapenda, sikatai. Ila nilikuwa nasimama pale nje chini ya dirisha nasikia wimbo unaoimbwa watu wakienda mbele, wimbo ule ule wa Nyaishozi, tena kwa Kiswahili, maana ibada yetu ya kwanza ni ya sisi tuliokulia Tanzania, na mimi naufuatisha kwa sauti ya kukwaruza mpaka watoto wananiuliza Mwarimu umekunywa nini. Nilikuwa nakitamani chakula kile. Na zaidi nilikuwa natamani mtu aniwekee mkono kichwani alitaje jina langu, Jeneroza, jina ambalo hapa Kigali hakuna anayelitumia.

Sasa mwaka ule tukaambiwa kwamba atakayewawekea watoto mikono ni mchungaji mstaafu, mzee kabisa, mgeni wetu kutoka Karagwe. Mimi niliposikia hilo neno Karagwe nikachanganyikiwa. Nikapika, nikasugua sakafu ya kanisa ambayo ilikuwa imeshasuguliwa, halafu nikafanya lile kosa la kwanza: nikavaa mushanana nyeupe. Mushanana ndilo vazi letu la sherehe, sketi ya kufunga na shuka jepesi unalolitupia bega moja, na rangi unachagua wewe, zipo za kila aina, nilikuwa na ya kijani nzuri tu kabatini. Nikachagua nyeupe. Nikajiambia ni ili nifanane na watoto wangu, na nusu ya hilo ilikuwa kweli.

Watoto walikuwa kumi na mmoja. Na utaratibu wetu uko hivi: wanapiga magoti mstari mmoja mbele ya madhabahu, kila mtu mahali pake tulipofanyia mazoezi, na Mzee Faustini, mzee wa kanisa, anasimama pembeni na vyeti vimepangwa kufuata mstari, anasoma jina, mchungaji anamwuliza mtoto kama anaikiri imani, mtoto anajibu, anawekewa mikono, anasomewa aya yake ya Biblia aliyochaguliwa yeye peke yake, mnahamia kwa mwingine. Mmoja akisogea wote wameharibika. Mwaka mmoja walisogea, na kuna mvulana mpaka leo ana cheti kinachosema yeye ni Klarisi.

Ibada ikaanza, Keza hayupo. Ilikuwa Jumapili ile ya mazoezi ya viungo, ambayo barabara kubwa hufungwa asubuhi magari yasipite, watu wakimbie. Mimi nilishawaambia wazazi wote waondoke mapema. Simu yangu ikatetemeka wakati wa mahubiri, nikaichungulia ndani ya kikoba: "Mwarimu tuko Sonatubes, njia iko imefungwa, tunakuja na miguu." Nikapiga hesabu, kutoka Sonatubes kwa miguu, na viatu vya sherehe, nikasema watafika. Nikamnong'oneza Mzee Faustini asome pole pole. Mzee Faustini hajawahi kusoma pole pole tangu azaliwe.

Watoto wakaenda mbele wakapiga magoti, na katikati yao pengo la Keza kama jino lililong'oka. Yule mzee mgeni akaanza upande wa kushoto. Alikuwa mdogo wa umbo, miwani minene, na alipofungua mdomo kusema "Wanangu," nikashika benchi. Jamani, sauti ile. Sauti ya kwetu, inayoteremka na maneno taratibu kama mtu anayeteremka mlima na mzigo. Sikuwa nimeisikia ikitoka mdomoni mwa mtu mzima tangu baba afariki.

Nikiwa katika hali hiyo ndipo nikaona Ornela, aliyekuwa upande mmoja wa lile pengo, anaanza kusogea kidogo kidogo kumfuata Yvani wa upande wa pili, maana watoto hawapendi pengo. Nikaona vyeti vyote vinaharibika. Nikasema, Jeneroza, nenda ukashike nafasi mpaka mtoto aje. Mngekuwa ninyi mngefanya nini? Ningeweza kumwashiria kwa mkono. Ningeweza kukohoa, wanaujua mkohoo wangu. Lakini miguu ilishakwenda.

Nilikusudia kuchuchumaa tu. Mushanana haichuchumai. Ilinibidi nipige magoti kabisa, na mimi nikipiga magoti nalingana na mtoto wa darasa la sita, nimevaa nyeupe, nimeinamisha kichwa ili nisionekane, kwa hiyo ukitazama kwa mbele, na miwani ile, palikuwa na watoto kumi na mmoja wamekamilika. Nikamnong'oneza Ornela arudi mahali pake. Akarudi. Kazi imekwisha, nataka kuinuka, shuka langu haliji. Nageuka, Yvani amelipigia magoti, magoti yote mawili, macho amefumba, anasali kwa nguvu zake zote. Navuta, hasikii. Nikamwita kwa sauti ya chini, Yvani, we Yvani, akadhani ni roho inamshuhudia, akakaza zaidi.

Na Mzee Faustini akasoma, "Keza Divini."

Viatu vyeusi vikasimama mbele yangu. Mchungaji wetu alikuwa nyuma ya mgeni ameshika kipaza sauti, nikainua macho kumwomba msaada, akanitazama, macho yakamtoka, halafu (hili sitalisahau) akakileta kipaza sauti karibu na mdomo wangu.

"Keza, mwanangu," mzee akasema, "unaikiri imani uliyobatiziwa, na utadumu ndani yake?"

Hapo mtu mwenye akili zake anasema, baba samahani, mimi si Keza, nimeshika nafasi tu. Ni maneno machache. Niliyapanga kabisa mdomoni. Lakini aliniita mwanangu kwa sauti ile, na harufu ya sabuni ya mche ilikuwa inatoka kwenye kanzu yake, ile ile mama alifulia gauni langu, na swali nilikuwa nimelisubiri tangu nikiwa na umri wa Yvani. Nikasikia mtu anajibu, "Ndiyo, kwa msaada wa Mungu." Kwa sauti nzito ya mama wa watoto watatu, spika zote nne.

Nyuma yangu benchi la kina mama likaanza kutikisika. Mzee hakusikia, au alisikia akadhani watoto wa Kigali wanakua haraka. Akaniwekea mikono.

Sitawadanganya. Ilikuwa mizito, na ya moto, na mimi nililia. Siyo machozi ya kufutwa kwa ncha ya kidole, nililia kwa kwikwi, na kipaza sauti bado kipo, nikasahau kwamba kuna watu, nikasahau Keza, nilikuwa Nyaishozi na mikono yangu ya kuvimba, na mama yuko benchi la nyuma. Mzee Faustini akasoma aya ya Keza juu yangu mpaka mwisho. Kwa muda ule mfupi sikuwa na deni la hamu yoyote duniani.

Halafu mlango ukagonga ukuta.

Keza alikuwa amesimama katikati ya njia, viatu mkononi, gauni jeupe limeshika vumbi mpaka magotini, jasho linamtiririka, anahema. Akatazama mbele akahesabu migongo. Na sauti ya mtoto huyu, ambayo darasani namwambia kila siku apaaze hasikiki, siku hiyo ilisikika.

"Mwarimu, uko kwa nafasi yangu."

Kanisa likaanguka. Hakuna neno lingine. Kwaya ilicheka, mawifi walicheka, kuna mzee mmoja alitolewa nje kwa kikohozi. Nikainuka kwa ghafla, na shuka langu likachagua kubaki na Yvani, nikasimama mbele ya mgeni wa kutoka nyumbani na kiblauzi kisicho na mikono, uso umelowa, nimejikumbatia mabega.

Mzee akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Huyu ni nani?"

Mchungaji wetu akamweleza sikioni, akaeleza kwa muda mrefu, nikajua ameeleza yote. Mzee akanisogelea akaniuliza kwa upole, kana kwamba tuko wawili, "Jina lako nani, mama?"

"Jeneroza, baba."

"Umetokea wapi?"

"Nyaishozi."

Akasema, "Jeneroza wa Nyaishozi," akalisema vile linavyosemwa kwetu, na nikajua kwamba akilisema mara nyingine nitalala pale chini. Kisha akasema nimpishe mtoto kwanza, maana kilichosomwa ni cha mtoto. Nikasogea pembeni. Keza akapiga magoti, akaulizwa, akajibu, akawekewa mikono, akasomewa aya yake, nayo safari hii ikakaa penyewe, ilikuwa yake kweli.

Alipomaliza mstari wote mzee akarudi mpaka nilipo. Akaniambia, "Piga magoti na wewe. Kwa jina lako." Na mkono wake akauinua.

Hamuwezi kujua nilivyoutaka mkono ule. Nilishaanza kukunja goti. Ndipo Mama Keza, ambaye alikuwa ameingia nyuma ya binti yake na viatu vyake mwenyewe mkononi, akasema kutoka katikati ya kanisa, hata siyo kwa ubaya, kama mtu anayeulizia, akianza na ile lakini ya Kinyarwanda, "Ariko Mwarimu, si ulituambia asiyehudhuria na asiyehojiwa hapati?"

Watu wakanitazama, na watoto wangu kumi na mmoja wakageuka wote kunitazama, na wao ndio waliokuwa wagumu kuwatazama. Ningeweza kusema nilihojiwa, Nyaishozi, na nilijibu yote. Ni kweli nilijibu. Lakini hapa hakuna aliyenisikia, na Keza pia alikuwa na sababu zake nzuri nilipotaka kumtoa, alikuwa anauguza bibi yake, na mimi sikutaka hata kuzisikiliza.

"Ni kweli," nikasema. "Niliwaambia."

Nikanyoosha goti. Mzee akakaa na mkono wake hewani kidogo, akanitazama, akaushusha, akanishika bega. "Basi mwakani, mama," akasema. Hakujua utani wetu. Mchungaji wetu akainama chini akatazama viatu vyake.

(Baadaye nilimwuliza kwa nini aliniletea kipaza sauti badala ya kuniokoa. Akaniambia, "Nilikuona umepiga magoti, Mama Ganza. Nilidhani mwakani imefika.")

Ikaja Meza ya Bwana. Safari hii sikutoka na watoto. Nilikuwa sina tena cha kuficha, nikakaa benchi la mbele peke yangu na shuka langu limechafuka alama mbili za magoti, wimbo ukaimbwa, watu wakanipita wakienda na wakanipita wakirudi. Mama Keza alipopita akanitengenezea shuka begani, akalifunga fundo vizuri. Mzee yule alirudi Karagwe kesho yake, na juzi juzi tumepata habari kwamba hatoki tena kitandani, kwa hiyo mkono nitakaowekewa mimi utakuwa mwingine, na sauti itakuwa nyingine. Hilo ndilo huwa linanirudia nikiwa peke yangu jikoni, siyo kicheko.

Mwaka huu nimeandikishwa darasani. Nafundisha nusu ya kwanza, halafu nakaa benchi na watoto, mchungaji anafundisha ile nusu nyingine na mimi naulizwa kama wao, na nikichelewa nasimama mlangoni kama wao. Fundi wa sokoni ameshanipima, nimemwambia gauni jeupe, mikono ya kuvimba, na nimeapa kwamba sitapiga tena magoti penye jina la mtu mwingine, wala kuvaa mushanana karibu na Yvani.

Lakini niwaambie la mwisho lililotokea siku ile. Keza alikuwa ametoka mezani, mara yake ya kwanza, ana uso ule walionao siku ya kwanza. Hakwenda kwa mama yake. Akaja akakaa kwenye benchi langu, miguu yake yenye vumbi haijavaa viatu bado, akaniegemea begani, akaninong'oneza.

"Mwarimu, mwakani mimi nitakushikia nafasi."